Kumlaza Sadoki kwa Kijiko

Jumatatu, 1 Februari 1915

Leo nina hasira na Bwana Daktari, ndiyo maana herufi zimelala upande. Nilikuwa nafua bandeji nyuma ya nyumba yake, dirisha wazi, nikaona. Kuna askari karudi kutoka vitani Longido, anatetemeka kama ana homa na homa hana. Daktari kamkalisha, kamning'inizia saa mbele ya macho, kaongea naye polepole. Askari kalala. Akiulizwa anajibu, na amelala! Kaeleza mizinga, kalia, kaamshwa, kaomba chai. Mkono umetulia.

Nikamtuma mume wangu, mpishi wa hapo, amwombee jirani yetu Sadoki. Huyo alichukuliwa kwa kamba akabebe mizigo ya vita hivyo hivyo. Tangu arudi haingii ndani, analala migombani, usiku anapiga kelele. Mkewe Susana amesema hali ikiendelea hivi anabeba mtoto anarudi kwao. Jibu la Daktari: dawa hiyo ni ya askari, mpagazi apumzike tu. Apumzike? Kwani yale masanduku ya risasi yalijibeba?

Basi nitamlaza mimi. Nilichokiona kinatosha.

Jumanne, 2 Februari

Saa sina. Nimeazima kijiko cha fedha jikoni kwa Daktari bila kumsumbua kwa maswali, nikakifunga uzi. Nikamjaribia mume wangu. Kalala kabla sijaanza, nikimuuliza anakoroma. Huyo hahesabiki.

Ruth wa ng'ambo ya mfereji kaniona, kauliza nakwenda kumlisha nani uji. Nikamweleza kwa adabu. Kacheka mpaka katua mkungu wake chini. Eti shoga, mlaza watu kwanza ajue kunyamaza. Mimi huyu! Niliyemtunzia siri ya mimba ya binti yake karibu wiki nzima!

Alhamisi, 4 Februari

Susana kamsukuma mumewe, kakubali. Nikazungusha kijiko. Ananitazama mimi, kijiko hakitazami. Nikamwambia kope nzito, miguu mizito. Hapo kaniuliza nani kaniambia habari za mguu. Kainuka, kaenda zake migombani. Mkaidi.

Wakati wa kurudi nikapita kwa Mama Naftali. Mwanawe Naftali alifungwa kamba moja na Sadoki, na hajarudi mpaka leo. Mama anauliza kila mpagazi, hakuna anayejua. Kila jioni bado anamtengea ndizi. Na Sadoki akimwona tu kwa mbali, anaacha njia anakatiza mashamba ya watu. Utu gani huo, mama mtu mzima hata shikamoo anyimwe?

Nimemwambia Mama Naftali kwamba namtibu Sadoki. Susana kasikia, kanisema vibaya. Watu hawapendi msaada.

Jumamosi, 6 Februari

Sadoki kaja mwenyewe. Kauliza kama bado napita kwa Mama Naftali. Nikamwambia mimi napita kwa kila mtu. Akasema haya, dada, nilaze. Kafumba macho hata uzi sijaufungua. Dawa inamwingia kwa kuniona tu!

Kasema bila kuulizwa. Walipokuwa wanarudi, Naftali akaharisha damu, akaanguka. Mnyapara akakata kamba, akasema mwacheni. Naftali akamshika Sadoki mguu. Sadoki akauvuta mguu wake, akaenda. Usiku akatoroka kumrudia, akamkuta amekwisha. Kamfunika kwa mawe chini ya mgunga, kando ya mto Ngare Nanyuki.

Nikarudia kwa sauti nisisahau, nikasema ng'ambo ya mto. Kanisahihisha humo humo usingizini: hapana, upande huu, penye mgunga uliopasuka. Nikaapa simwambii mtu. Akaguna.

Halafu kasimama, kachuma jani refu la mpakani mwa shamba, kalipiga fundo, kaniwekea mkononi. Kaketi, kafumba macho tena. Nilitegemea kuku. Kwetu Pangani mganga hapewi jani!

Jumapili, 7 Februari

Hasira haikuniacha. Watu walipotoka kanisani nikawazungushia lile jani, waone ubahili. Nikafika kwa Mama Naftali. Nilikusudia jani tu. Lakini huwezi kueleza jani bila usingizi, wala usingizi bila yaliyosemwa. Nikasema yote, na mgunga, na upande wa mto.

Mama kaacha kumenya ndizi. Kalipokea jani kwa mikono miwili, kauliza limetoka kwa Sadoki mwenyewe? Nikasema ndiyo, ndiyo malipo yangu. Hakunirudishia. Kapanda njia ya kwa Sadoki, na kisu bado mkononi.

Nikakimbia kuokoa mtu. Nimewakuta wamekaa chini. Kisu kiko majanini, mama kamshika Sadoki mguu, wote wanalia. Hakuna aliyenikaribisha. Susana kaniambia shoga, nenda nyumbani.

Jumanne, 9 Februari

Sadoki na Mama Naftali wamekwenda kwenye yale mawe. Jana usiku kapiga kelele tena, ila kapigia ndani, pembeni mwa mkewe, na Susana kakifungua kifurushi alichokuwa amefunga arudi kwao. Shukrani kwangu? Hata ndizi moja. Na mume wangu katukanwa kwa ajili ya kijiko.

Ruth kaja kunifundisha. Eti jani lile ni sale, mwenye kosa humpa mtu ampelekee aliyekosewa, kumwombea msamaha. Eti Sadoki kasema alikuwa macho tangu mwanzo, alitafuta mdomo tu, na mlimani hapa hakuna mkubwa kuliko wangu. Upuuzi. Kila aliyelala kitini hukataa kwamba alilala. Mume wangu anakataa kila jioni. Maana yake nilimlaza vizuri mno.

Halafu huyo Ruth, alipokuwa anasema, jicho la kushoto lilikuwa linacheza. Ana jambo moyoni. Kesho namlaza. Nimeshawaambia wanawake wa mferejini waje mapema, wapate pa kukaa.