Mfumo Mpya kwenye Kompyuta ya Bi Biubwa

Jumanne, 14 Januari 2025

Siku ya pili steshenari kwa Bi Biubwa, hapa Msasani ya Tukuyu. Kompyuta moja, wasaidizi wawili: mimi na Hasheem, mpwa wake. Bi Biubwa kasema Ijumaa ataamua nani akalie kiti cha kompyuta na nani abaki kwenye fotokopi. Nakitaka kile kiti! Kwenye fotokopi unasimama, na wateja wanakutazama usoni.

Hasheem anachapa haraka kuliko mimi. Lakini kompyuta yenyewe inawaka taratibu mpaka wateja wanakwenda sokoni na kurudi. Na mimi nina mpango. Kaka Obed kanipa flashi yenye mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta. Unaichomeka, unawasha, unaujaribu bila kusakinisha chochote. Aliendelea kueleza, nikaitikia tu. Niliona haya kusema sijaelewa.

Jumatano, 15 Januari

Hasheem alipokwenda kula, nikachomeka flashi. Loo! Kompyuta imeamka kama iliyomwagiwa maji! Bi Biubwa kaniuliza nimeifanyaje. Nikasema nimeipangusa vumbi.

Mzee Anyosisye, mwalimu wa kwaya kutoka Lufingo, kaleta nyimbo za harusi ya Jumamosi, kaziandika kwa mkono. Nimechapa zote. Nimehifadhi. Kasoma kwenye kioo, kasema ndaga fijo, ahsante sana mwanangu, kesho atafuata nakala. Kaondoka na makaratasi yake. Hasheem kanuna!

Jioni radi ikapiga. Tukuyu radi ikipiga hakuna mjadala. Bi Biubwa akapaza sauti, "Ng'oeni!" Kila waya ukatoka ukutani, hata wa birika. Nalala na furaha.

Alhamisi, 16 Januari

Hakuna nyimbo! Nimetafuta kila mahali. Mfumo unanikaribisha kama hatujawahi kuonana. Nikampigia Obed. Kacheka mpaka simu ikakwaruza. Kumbe ukiujaribu tu, ulichohifadhi kinapotea kompyuta ikizimika. Kasema alinieleza, tena niliitikia.

Mzee Anyosisye kafika. Nikajificha nyuma ya katoni za karatasi.

"Dada Sekela, toka huko," Hasheem akasema, "kompyuta yako imemeza kwaya nzima!"

Mzee hata hakukasirika. Katoa makaratasi yake, kasema basi toeni fotokopi, mwandiko wake wanakwaya wameuzoea. Bi Biubwa hakusubiri Ijumaa. Kiti kapewa Hasheem.

Ijumaa, 17 Januari

Nimewaza asubuhi nzima nikiwa kwenye fotokopi. Kosa langu nimelijua: kujaribu. Kinachojaribiwa hakikai. Kinachosakinishwa kinakaa!

Hasheem kaenda msikitini, Bi Biubwa kaingia ndani kupika. Nimekalia kiti. Flashi ndani. Nimebonyeza sakinisha. Mfumo ukauliza kama ufute kila kilichomo kwenye kompyuta. Kilichomo ni kazi za wateja tangu duka lifunguliwe. Lakini mfumo mzuri hivi, nina hakika unauliza kwa adabu tu.

Nimejibu ndiyo. Naandika huku kistari cha kusakinisha kinajaa taratibu kwenye kioo. Hasheem akirudi atashangaa!