Albamu ya Kiende na Matanga ya Kathuri

Jumatatu, 5 Mei 2025

Ulikuwa wapi wewe, msomaji wangu? Daftari limekaa chini ya godoro tangu Krismasi, panya wamelisoma kukushinda! Haya, keti. Shule sikuenda, herufi nilizipata kwenye masomo ya ngumbaru nikiwa tayari na wajukuu, kwa hivyo soma polepole na usinisahihishe.

Habari ni mbaya. Mjukuu wangu Kiende ametoa albamu ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya harusi, hapa kwetu Mitunguu watu wote waliicheza mpaka viatu vikapasuka. Hii ni gitaa peke yake, taratibu, nyimbo tisa za mama yake, binti yangu Virginia, tuliyemzika mwaka juzi. Basi juzi Jumamosi, Mwirigi, yule wa redio kule Meru anayepima muziki, akasema ya kwanza ilichezesha na hii inalaza. Eti ukiisikia unadhani maji ya mfereji wa mashamba yamekatwa! Yeye husikiliza kila albamu mara mbili. Hukumu ya mwisho ni Jumamosi hii.

Kiende ameweka gitaa juu ya kabati. Anasema albamu ikianguka Jumamosi haimbi tena, anaenda Embu kusuka nywele. Anasuka vibaya! Nina ushahidi, kichwa changu mwenyewe.

Lazima nifanye kitu.

Jumanne, 6 Mei

Nimempelekea Mwirigi mkungu wa ndizi. Mzito kama ndama. Askari wa mlangoni akauliza ni wa nini. Nikasema ni wa kulainisha masikio ya mtu. Mwirigi akatoka mwenyewe, akaniita mama kwa heshima, akasema hapokei zawadi kutoka kwa familia ya mwimbaji. Nikamwambia aitazame kwanza hiyo shingo yake ilivyokonda, ndipo akatae. Akakataa! Akaomba radhi, ana haraka, amefiwa na mjomba wake Kathuri wa Mitunguu.

Kathuri! Mwuza nyama wetu! Kwamba amekufa nilijua. Kwamba ana mpwa redioni, sikujua. Nikampa Mwirigi pole kwa mikono miwili. Mkungu nikamwachia askari, ana watoto. Nimerudi nyumbani bila ndizi, lakini na mpango.

Alhamisi, 8 Mei

Kathuri aliuza mifupa akaiita nyama miaka thelathini. Kwa hivyo leo ilikuwa jioni ya tano ya maombi bomani kwake na hakuna aliyetoa chozi. Watu wanakunywa chai, wanazungumza mbolea. Matanga makavu! Aibu kwa boma. Na Peninah wa kwaya, adui yangu tangu tugombanie zamu ya maji, anaimbisha mapambio ya makofi kana kwamba marehemu amepata kazi.

Kiende nilimwambia tunaenda kutoa pole tu, abebe gitaa kwa sababu mlango wetu hauna kufuli. Peninah akasema ratiba imejaa. Nikasimama. Nikatangaza kwamba marehemu mwenyewe aliniomba mtoto huyu amwimbie. Uongo! Kathuri hakuniomba kitu maishani ila niondoke buchani mwake. Mwirigi akanitazama. Nikamtazama zaidi.

Kiende akanifinya, halafu akaimba. Ule wimbo wa jembe la mama yake lililobaki mferejini, maji yanalipita. Ubeti wa pili, Regina, mjane wa Kathuri, ambaye kijiji kizima kilisema sasa amepumua, akaweka kikombe chini akalia kama mtoto. Kisha boma lote! Peninah alilia mpaka kamasi! Mwirigi akaenda kusimama nyuma ya zizi.

Mimi sikulia. Nilitazama mdomo wa Kiende, nikaona ni wa Virginia. Basi.

Jumamosi, 10 Mei

TUMESHINDA! Jana tulimzika Kathuri kwa machozi ya kutosha, na leo Mwirigi amejirudi mbele ya watu wote. Alisema mara ya kwanza alisikiliza akiwa ameshiba. Alisema albamu ile ya zamani ilitualika harusini, hii imekuja kukaa nasi wageni wakishaondoka. Kwamba ni bora kuliko ya kwanza! Akaucheza wimbo wa jembe mara mbili. Kisha akaongeza kwamba marehemu mjomba wake alichukia muziki wote duniani, kwa hivyo nyanya mmoja wa Mitunguu atubu.

Kiende alikuwa amelirudisha gitaa juu ya kabati, leo amelishusha. Hakuna kusuka! Amenikumbatia mpaka mbavu zikalia, halafu akafoka: shosho, usiwahi tena kudanganya matangani. Nimeahidi.

Jumapili, 11 Mei

Nimetubu. Haraka haraka, kabla ya sadaka.

Sasa kuna mpimaji mwingine wa muziki kule Embu, hajasema neno juu ya Kiende. Nimeulizia. Ana babu yake kule Manyatta, anaugua kifua. Kesho nampelekea uji wa wimbi, mzito, wa moto, apone kabisa. Nitamlisha mimi mwenyewe. Lakini mzee akikataa kupona, gitaa liko tayari.

Na wewe, ukija tena usije mikono mitupu. Uliza kwanza huko kwenu: nani mgonjwa, na ana jamaa redioni?