Hondohondo wa Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeenda hospitali kupima presha. Nimetoka nayo juu zaidi. Kwenye ukuta wa mapokezi wametundika picha kubwa kama mlango: mdiria na samaki mdomoni. Imepigwa na shemeji yangu! Kaka wa mke wangu, dereva wa gari la wagonjwa, aliyeshika kamera juzi tu. Mimi nimepiga picha za harusi tangu ujana, na ukutani pale sina hata sikio la bibi harusi.

Muuguzi mkuu kanidokeza kwamba wodi ya watoto nayo inatafuta picha ya ndege. Nikamwambia ahesabu imepatikana.

Mpango: hondohondo. Baba mkwe, seremala mstaafu, anaujua mti wanaotagia. Shemeji amepanga kumpeleka msituni Jumapili. Nitamwahi Jumamosi.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa baba mkwe. Tangu tumzike mama mkwe, mzee hatoki barazani. Shati limefungwa vifungo pogo, chai imepoa mkononi. Nilikuja na maneno ya asali kumshawishi. Sikuyahitaji. Nilipotaja hondohondo tu akainuka kwenda kutafuta viatu.

Mke wangu aliposikia alikaa chini jikoni akalia. Akasema baba hajatamani kwenda popote tangu msiba. Kisha akaanza: nina maji? Mzee ana fimbo? Nikamwambia atulie. Msitu ni harusi isiyo na chakula, na harusi nazijua.

Ijumaa, 8 Agosti

Shemeji kapata habari, kapiga simu. Nilitarajia hasira. Badala yake, mashauri! Nibebe maji, filimbi, kitambaa cha kufungia jeraha, betri ya akiba. Nimwambie askari wa msitu njia tutakayopita. Ukitembea, tazama chini. Ukitaka kutazama juu, simama kwanza. Na mzee nisimwache peke yake.

Nimembatiza jina: Tahadhari Kabla ya Hatari. Mke wangu hakucheka.

Mkoba haufungiki. Lenzi kubwa, lenzi ndogo, miguu mitatu ya kamera. Nimetoa chupa ya maji. Msituni kuna mito.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitajitahidi kuandika yote.

Askari wa msitu aliuliza tunapita njia gani. Nikasema ya ziwani, ingawa tulikuwa tunakwenda ya bondeni. Kama shemeji angekuja kupeleleza, apotelee huko!

Baba mkwe alitembea vizuri. Alipapasa magome, akaniambia mti huu hutoa milango, ule hutoa vitanda. Hata alicheka, niliposalimiana na mzizi kwa pua. Simu niliimaliza chaji kwa kuchezesha milio ya ndege ili hondohondo ajibu.

Akajibu. Nikamkalisha mzee kwenye gogo, nikamwambia asiondoke, nikanyata.

Nilimwona! Dume, mdomo kama mundu, kwenye tundu la mti. Jike yumo ndani, amejifungia na mayai, na tundu limezibwa kwa udongo hadi umebaki ufa tu. Dume anampitishia matunda, moja moja. Nikapiga. Nyuma yangu nikasikia, "Mwanangu!" Nikainua mkono kumnyamazisha. Ndege asiruke! "Mwanangu!" Nikanyoosha tena mkono. Nikaendelea mpaka betri ikafa.

Gogo lilikuwa tupu.

Nilimkuta chini ya genge dogo, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Alikuwa ananifuata. Alitaka naye aone. Sikuwa na maji wala kitambaa. Nilipuliza vidole kwa kukosa filimbi, ukatoka upepo. Nikavua shati nikamfunga vibaya.

Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Umemwona?"

Nikasema nimemwona.

"Anamlisha mwenzake?"

Nikasema anamlisha. Akageuza uso upande wa pili. Nikakumbuka kwamba mama mkwe, siku zake za mwisho, hakupokea uji kwa mkono wa mtu mwingine ila mzee. Nikakaa.

Jua lilikuwa limeanza kushuka shemeji alipofika na machela. Mke wangu alikosa kutupata kwa simu akamtuma, na yeye na askari wa msitu walikuwa wameanza kututafuta ziwani. Alimnywesha baba yake, akamfunga mguu upya, kisha akaninyooshea mimi chupa bila neno. Heri angenitukana.

Jumapili, 10 Agosti

Mguu uko ndani ya plasta. Mke wangu haongei nami. Nilizifungua picha kwenye kompyuta, akasimama nyuma yangu akazitazama. Hondohondo ametoka vizuri kupita picha zote za maisha yangu. Akauliza kwa sauti ndogo: nilimsikia baba akiita?

Nikasema nilisikia.

Akaenda kulala chumba cha watoto.

Nimeisafisha moja nikampelekea mzee. Ameiweka kifuani, hataki muuguzi aiguse. Wodi ya watoto haitaipata, na sikuomba anirudishie. Nimeapa mbele ya kitanda chake: kwanza mtu, kamera baadaye.

Jumanne, 12 Agosti

Mke wangu kanisamehe nusu. Kaniachia kazi moja: kumshika baba wakati anajifunza kutembea na magongo uani kwa hospitali. Nimshike tu, basi. Shemeji akajitolea kusaidia. Nikamwambia arudi kwenye gari lake, nimebadilika.

Tulikwenda polepole, mkono wangu kiunoni mwake, na watu wa benchini wakanisifu kwamba mkwe huyu ni mtoto wa kuzaa. Ndipo kipanga akatua juu ya tangi la maji. Ametandaza mbawa, jua liko nyuma yake! Nikamwegemeza baba mkwe ukutani, taratibu, kwa heshima zote. Nikamwambia sekunde moja tu.

Naandika haya nje ya chumba cha eksirei. Sasa wanaangalia mkono wa mzee. Mke wangu yuko njiani, na shemeji ndiye anayemleta.

Lakini kipanga! Hata unyoya wa shingo unaonekana. Wodi ya watoto itanishukuru.