Sikuwahi Kurushwa Kichura

Jumatatu, 3 Juni

Nimekwenda kunyoa kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule tuliyecheza naye timu moja ujanani. Kosa kubwa. Kibanda kimejaa wateja, naye mashine mkononi, anawasimulia habari za kocha wetu wa zamani. Anadai hakuna mchezaji aliyeadhibiwa kumzidi. Siku moja alirushwa kichura uwanja mzima, magoti yakawaka moto, kwa sababu tu alimpita mama muuza maji bila kumsalimia. Adhabu ilipokwisha kocha akampa maji kwa mkono wake, akamuuliza kama mama yake amepata nafuu. Hakumtolea tusi hata moja.

"Mzee yule hakumwadhibu asiyempenda," kinyozi akamalizia.

Wateja wakaguna kwa heshima. Mmoja akanigeukia, akauliza mimi nilikuwa naadhibiwa kwa makosa gani. Nikasema nilirushwa kichura mpaka nikazimia.

Uongo mtupu. Misimu yote niliyocheza beki ya kushoto, kocha hakuwahi kunikaripia. Nilikuwa sijui kwamba hilo ni jeraha. Nimerudi kwenye cherehani yangu, nimeshona mifuko ya suruali ya mteja ikazibika yote.

Jumatano, 5 Juni

Neema imeshuka. Wachezaji wa zamani tunakutana na kocha Jumamosi, uwanjani, saa tisa kamili. Mzee alichukia uchelewaji kuliko kufungwa. Basi nitachelewa, tena mbele ya kinyozi.

Mke wangu kauliza inakuwaje mtu mwenye wajukuu anatafuta kukaripiwa. Nimemwambia ni mambo ya mpira, hawezi kuelewa. Kasema kama shida yangu ni kukaripiwa tu, sina haja ya kutoka nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimejibanza nyuma ya duka la saruji, jua linachoma, hadi muda ukapita vya kutosha. Shati nimelichomoa, maana shati nje nalo lilikuwa kosa. Nikaingia uwanjani taratibu kama bwana harusi.

Kocha alikuwa kwenye benchi. Mgongo umepinda, ila filimbi ingali shingoni. Nikamwamkia. Akaitikia, akanishika kwa mikono miwili, akasema pole na kazi mwanangu, najua mafundi mnavyobanwa na wateja. Kisha akaagiza niletewe kiti kivulini.

Kiti!

Punde si punde simu ya kinyozi ikalia mzee akiwa anazungumza, naye akaipokea. Filimbi ikapulizwa. Kinyozi na kitambi chake wakatumwa kuzunguka uwanja. Kakimbia huku anacheka, watu wazima wanampigia makofi. Aliporudi, kocha akamwinulia chupa yake mwenyewe ya maji. Nimeyatazama maji yale yakishuka kooni mwake. Roho imeniuma kama mtu aliyenyang'anywa shamba la urithi.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda nyumbani kwa kocha peke yangu. Nilikusudia kuingia bila hodi, lakini nilipofika mlangoni mdomo ukapiga hodi wenyewe. Ndivyo alivyotulea. Nikaona heri niulize waziwazi kwa nini hakuniadhibu hata mara moja.

"Kuna wa kupulizia filimbi, na kuna wa kutazama tu," akasema. "Wewe nikikutazama, umeshaelewa. Halafu msimu ule ulimzika baba yako. Kesho yake ukaja mazoezini kabla ya wenzako, viatu umevisafisha. Ningekukaripia nini?"

Sikujua kwamba aliviona vile viatu. Nimelia kidogo, nikasingizia vumbi. Akajifanya kuamini.

Kumbe kila Jumamosi anafundisha watoto wa mtaani kwake. Kaniomba niwe nawapasha misuli kabla ya mazoezi. Mimi. Nimerudi kifua mbele. Mke wangu kasema nimepungua umri. Naandika hapa nisije nikasahau: wivu nimeuacha, kila mtu na fungu lake, na kinyozi nimemsamehe.

Jumanne, 11 Juni

Kinyozi kapita dukani kwangu anachekelea. Kocha kampa na yeye kazi Jumamosi: kubeba mipira. Nikampongeza kwa moyo mweupe.

Alipoondoka nikaanza kufikiri. Kupasha watoto misuli, nani asiyeweza? Lakini mipira! Enzi zetu kocha aliilaza mipira chini ya kitanda chake, hakumwachia mtu. Na mbeba mipira hufuatana na mzee njia nzima, kwenda na kurudi, wanazungumza. Mimi je? Mimi nitakuwa juani, natazama migongo yao.

Nimeacha suruali ya mteja kwenye sindano, nimevuka barabara. Nimemwarifu kinyozi kwamba mazoezi yamehamishiwa Jumapili. Kanishukuru sana. Kasema hiyo ndiyo faida ya kulelewa na mwalimu mmoja.