Mfuniko wa Tangi la Kasuku

Jumatatu, 6 Mei

Nimeibiwa tena! Kijiti cha kupimia petroli kinaonyesha sentimita moja na nusu imetoweka tangu jana jioni. Juzi vilevile. Kijiti hakina ndugu wala rafiki. Hakina sababu ya kudanganya. Tangu mfuniko wa tangi ulipoanguka barabarani Novemba, tunaziba kwa gunzi la mahindi. Gunzi! Mtu anachomoa, anatia mpira, ananyonya, anarudisha. Na mwizi namjua: Eleuterio, mwenye karakana kwenye njia ya kwenda Holguín. Mke wangu Maricel ameuliza Eleuterio atembee kilomita nne kuja kunyonya vijiko viwili vya petroli kwa sababu gani. Kwa wivu! Yeye amekaa darasani miaka mitatu kusomea ufundi. Mimi nimejifundisha mwenyewe, na Kasuku, gari langu la Kirusi la mwaka 1978, kijani kama jina lake, bado anatembea.

Basi leo nimetengeneza mfuniko. Shaba tupu, umetoka kwenye bomba kuukuu la kunyunyizia miwa dawa. Nimepiga tupa saa tatu nzima. Ndani nimeweka mpira, kipande kidogo tu, nilichokata kwenye sufuria ya presha ya Maricel. Hataona. Nimepuliza kwa nguvu zangu zote: hewa haipiti hata chembe.

Mama mkwe, Mama Obdulia, alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake cha kubembea. Akauliza sasa tangi litapumulia wapi. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba hili ni tangi, mama, si mbuzi.

Jumamosi anasafiri. Ndege saa tisa alasiri, anakwenda Tenerife kwa binti yake mwingine, Zoraida, kumwona mjukuu ambaye hajawahi kumbeba. Tiketi haibadilishwi. Viza inakwisha Jumatatu. Akikosa ndege hiyo, habari imeisha, anabaki. Na akibaki, mimi naendelea kulala kwenye kochi. Miaka miwili na miezi minne sasa! Feni ni moja, iko chumbani, na chini ya feni analala yeye na binti yake. Nimeahidi kumpeleka mwenyewe hadi uwanja wa ndege wa Holguín. Kilomita 46. Kitu gani hicho?

Jumanne, 7 Mei

Kasuku amezima. Kilomita 4.2 kutoka mlangoni. Na wapi? Mbele ya karakana ya Eleuterio! Yeye ameegemea lango na kikombe chake cha kahawa, anacheka kwa mabega.

Jambo la kwanza, petroli. Geji ilikufa zamani, kwa hiyo kijiti. Mfuniko umefunguka kwa mikono miwili, na tangi likavuta hewa, psss, kama mtu aliyepigwa na maji baridi. Huo ndio ufundi! Kijiti: sentimita 31, tele. Nikafunga kwa nguvu. Basi ni joto, petroli inachemka ndani ya pampu. Nikalowesha tambara, nikalivika pampu. Stata moja tu, akawaka! Eleuterio akasema niache boneti wazi atazame, bure, kama jirani. Nikamwambia ndugu yangu, tazama kahawa yako, inapoa.

Jioni maharage yamekaa motoni saa nne nzima, yakatoka kama yalivyoingia. Maricel anasema sufuria inavujisha mvuke, haelewi kwa nini. Nimesema vitu vya siku hizi.

Mama Obdulia ana meno sita. Ameyatazama maharage, akayasukuma katikati ya meza.

Jumatano, 8 Mei

Nimeifungua kabureta juu ya meza ya chakula. Vipande 43. Nimesugua kimoja kimoja kwa mswaki. Nimerudisha vipande 42, maana kimoja sikuona umuhimu wake. Plagi nimezipiga msasa. Tambara nimelilowesha upya.

Kilomita 4.1. Mbele kwa Eleuterio.

Amenipungia mkono kabla sijasimama. Kijiti, psss, petroli ipo. Tambara, stata, akawaka. Eleuterio akapaza sauti kwamba Kasuku amepapenda pale, nimwachie alale. Wateja wake wawili wakacheka. Nimewaandika majina.

Mama Obdulia ameuliza nani ametumia mswaki wake. Nimesema umesuuzwa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimewaza kisayansi. Gari linazima mahali pamoja. Mahali hapo pana mtu. Basi aondolewe mtu! Leo nimekwenda upande wa pili kabisa, njia ya kiwanda cha sukari, mgongo kwa Eleuterio.

Kilomita 4.1. Mbele ya duka la dawa.

Nimekaa ndani ya gari nikifikiri. Kisha nikakumbuka: yule mama wa duka la dawa ni binamu yake Eleuterio. Ukoo mzima!

Nilipochungulia chini ya gari nyumbani nimekuta tangi limebonyea ubavuni, shimo kama bakuli la supu. Limepigwa teke. Nimemwita Maricel aje ashuhudie. Akaja Mama Obdulia. Amefanya kazi miaka thelathini na moja kiwandani kwenye matangi ya molasi, kwa hiyo hakuna tangi linalopita bila yeye kulisemea. Akasema mwaka mmoja kijana alisahau kufungua tundu la juu, pampu ikatoa molasi na hewa haikuingia, na tangi refu kama kanisa likajikunja kama kopo la maziwa. “Unanyonya na hurudishi kitu,” akasema. “Lako nalo linajinyonya, Nicanor. Litobolee tundu, baba.”

Nimemweleza polepole kwamba molasi ni nzito na petroli ni nyepesi. Na kwamba tundu ndilo analolitaka Eleuterio. Akasema mwizi wangu ni jua, kwamba petroli iliyozibwa kwa gunzi inapaa yenyewe kama pombe kwenye kikombe. Nikamuuliza jua lina mpira wa kunyonyea? Akabembea.

Maharage: siku ya tatu. Maricel amefungua sufuria na kukagua mpira wa mfuniko. Nimekwenda kulala mapema.

Ijumaa, 10 Mei

Maricel hasemi nami ila kwa kupitia mama yake. Kwa kupitia mama yake amesema kesho tumwombe Eleuterio gari lake. Eti ameshakubali! Eti alimwambia dukani, kwenye foleni ya mkate, kwamba yuko tayari saa yoyote, “huyu mama asije akakosa mjukuu kwa ajili ya kichwa cha mtu.” Kichwa cha mtu! Nimepiga meza. Mama mkwe wangu ataondoka nchi hii kwa gari la mkwe wake.

Nimekaa na penseli. Gari likijulikana linazima kila kilomita 4.1, halina tatizo, lina ratiba. 46 gawanya kwa 4.1 ni vituo kumi na moja. Kila kituo dakika 12: kijiti, tambara, stata. Jumla dakika 132. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa, dakika 69. Yote saa tatu na dakika 21. Tukiondoka saa tatu asubuhi tunafika saa sita na dakika 21. Anatakiwa saa saba. Zinabaki dakika 39 za kupumzika!

Nimewasomea hesabu. Mama Obdulia ameuliza kama nimeiandika nikiwa mzima.

Nimemimina petroli yote ya akiba. Tangi limejaa hadi shingoni. Nimefunga mfuniko kwa spana, tusije tukaaibika.

Jumamosi, 11 Mei

Saa tatu kamili. Mama Obdulia mbele, gauni la bluu, mkoba mapajani. Maricel nyuma na sanduku na vipande sita vya jemu ngumu ya mapera kwa ajili ya Zoraida. Matambara mawili, ndoo ya maji.

Kilomita 2.6! Kwenye geti la makaburi! Ratiba imevunjwa kituo cha kwanza. Mama Obdulia akasema tangi likijaa hewa ya ndani ni kidogo, inakwisha upesi. Nikamwomba asinichanganye, nagawanya. Vituo kumi na saba sasa. Dakika 204. Tutafika saa saba na nusu na zaidi.

Kwa mara ya kwanza tumepita mbele kwa Eleuterio bila kuzima. Alikuwa ametoka na wateja wake kusubiri. Nimempigia honi ndefu! Kilomita 5.2 tukazima. Nadhani hawakuona.

7.8. 10.4. 13. Tambara, stata. Tambara, stata. Kilomita 15.6, katikati ya miwa, mfuniko umegoma kufunguka. Mikono miwili, hapana. Spana, hapana. Maricel na mimi pamoja, hapana. Akapita mzee na gari la ng'ombe, naye akajaribu. Akaniuliza nimeufunga kwa ajili ya nani, shetani? Saa tano ikapita. Kasuku hawaki, kijiti hakiingii, mtu wa kumlaumu yuko kilomita kumi na moja nyuma.

Nikamtazama Mama Obdulia. Nilitegemea kelele. Alikuwa ametoa picha ya yule mtoto, ameiweka juu ya mkoba, anaifutafuta vumbi kwa kidole. Afadhali angenitukana. Maricel akageukia miwa na kuanza kulia.

Saa sita kasorobo Mama Obdulia akarudisha picha mkobani, akashuka. Akamwomba mzee wa ng'ombe msumari. Akaokota jiwe. Nikasema mama, ile ni shaba. Akasema, “Sogea, mwanangu, utachafua gauni langu.” Akagonga mara tatu.

Psssssss. Mrefu! Ng'ombe wakarudi nyuma. Chini ya gari tangi likalia dong, shimo lile la ubavuni likatoka lenyewe. Mama Obdulia akalipigapiga kama mgongo wa mtoto aliyekwisha kunyonya, akaliambia, “Haya, pumua.” Stata moja. Kilomita 30 bila kusimama! Tumefika saa sita na nusu na dakika tatu.

Nimeelewa njiani tatizo lilikuwa nini. Kituo cha mwisho nililiweka tambara upande wa kushoto wa pampu. Siku zote nimekuwa naweka kulia.

Mlangoni pa uwanja wa ndege amenikumbatia, akaniwekea ule msumari kiganjani na kukunja vidole vyangu juu yake. “Utunze,” akasema. “Na Maricel mnunulie mpira wa sufuria.” Kisha akaingia ndani na gauni lake la bluu, na hakugeuka, na mimi nilikuwa na vumbi machoni, maana miwa ya njia ile ina vumbi sana.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Mama. Nimelala kitandani! Chini ya feni! Saa nane usiku nilikuwa macho. Hakuna anayekoroma. Mtu anazoea vitu vya ajabu.

Asubuhi Zoraida amepiga simu. Mama amefika, hamtoi mtoto mikononi, tena mtoto amelowesha gauni la bluu na bibi anacheka tu. Nikaitwa kwenye simu. Salamu hakuna: kitu cha kwanza Mama Obdulia ameuliza lile tundu bado lipo. Nimemjibu kwamba msumari nimeutunza vizuri. Akasema, “Mungu akubariki, mwanangu.” Ni kweli tupu. Wakati huo nilikuwa bado nimeushika.

Mchana nimepima. Sentimita 19 zimetoweka! Maricel amesema tumekwenda Holguín na kurudi. Najua, nimezitoa za safari. Kilomita 92, nimetoa hadi tone. Bado nusu sentimita haina maelezo. Siku moja tu mfuniko una tundu, na tayari nusu sentimita!

Nimejaribu vitu vingi kuliziba lile tundu. Sabuni: inayeyuka. Nta: inalainika. Ndipo nikaujaribu msumari. Umeingia sawasawa, kama umezaliwa hapo. Nimekata ncha, nimelehemu kwa risasi juu na chini, nimepuliza. Hata chembe. Na tambara nimeliweka kushoto.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeondoka saa mbili asubuhi kwenda kumtafutia Maricel mpira wa sufuria, maana ahadi ni ahadi.

Kilomita 4.1.

Eleuterio alikuwa ameshatoa kiti na kukiweka barabarani, kivulini. Kiti changu! Na kahawa ya pili imemiminwa, bado inatoa mvuke. Akasema, “Karibu, ndugu yangu, umechelewa dakika mbili.”

Nimeinywa kahawa yake, lakini sikulegea. Nimemtazama machoni, nikamuuliza mbele ya wateja wake: kama yeye hahusiki, alijuaje nakuja?

Amecheka kwa mabega, akaniongezea kahawa. Sasa ushahidi ninao.