Kikohozi cha Kurudi Kazini

Jumatatu, 8 Juni

Meneja kapiga simu. Hoteli yetu iliyofungwa kwa sababu ya gonjwa hili la korona inafunguliwa Jumamosi. Mapokezi wanataka mtu mmoja tu: mimi au Kope, mwenzangu wa kope za kubandika, asiye na mtoto wala mkwe. Nikajibu niko tayari, huku mwanangu mdogo ananivuta gauni na mama mkwe anaita aogeshwe. Nikamwomba baba watoto, anayefanyia kazi mezani hapa nyumbani, ashike nyumba. Akasema tutaona. Namjua. Kwake hiyo ni hapana ya adabu.

Jumanne, 9 Juni

Njia imepatikana. Nimekohoa mbele ya wote, kikohozi kikavu. Nikahamishiwa chumba cha nyuma, marufuku kutoka. Sasa atapika, atafua, ataogesha. Akizoea, mimi huyoo!

Nimelala mchana. Nikaikumbuka kaunta yetu, harufu ya dawa ya mbao asubuhi, funguo zimepangwa, wageni wakiniita dada wa mapokezi. Kule chai niliinywa ikiwa moto. Nimelia kidogo, kisha nikakohoa wasije wakasahau.

Alhamisi, 11 Juni

Mkubwa kasimama mlangoni kunieleza wali umeungua tena. Mama mkwe analalamika mwanawe anamwogesha kama anaosha gari. Lakini leo kaanika nguo bila kuambiwa! Mambo yanaiva. Nimejaribu sare. Zipu imegoma katikati. Nitabana pumzi.

Ijumaa, 12 Juni

Nimekwisha. Baba watoto, mwema kupita kiasi, kampigia meneja kumweleza nakohoa, nisije nikaambukiza wageni. Meneja kashukuru sana. Nafasi kapewa Kope.

Nikatoka mbio, nikaapa sijawahi kukohoa maishani. Mama mkwe akauliza, kama mimi ni mzima, maji yake ya kuoga yako wapi. Baba watoto akarudi mezani, uso umenawiri. Naipenda kazi ile. Imeniuma, na hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 14 Juni

Nimepika, nimefua, nimeogesha. Kope kaniandikia kwamba kaunta imepooza, anakumbuka tulivyokuwa tukicheka pale mpaka meneja anatoka ofisini. Nami nakumbuka. Kasema mwezi ujao huenda wakahitaji wa pili.

Lazima baba watoto azoee nyumba kabla ya hapo. Kukohoa sikohoi tena, nilikosea pale. Kesho naamka sisikii harufu ya kitu chochote.