Maharage ya Mzee Tulia

Alhamisi, 6 Novemba. Greenbelt.
Mambo yamenoga! Keshokutwa umoja wetu wa Waswahili huku ughaibuni unaonyesha filamu ya maisha ya marehemu Mzee Tulia, yule mchekeshaji asiyesema neno. Anakaa jukwaani na ungo, anachambua maharage saa nzima, kimya, mpaka watu mbavu hawana! Nilimwona Mbeya, ujana wangu. Nimemwambia Dada Euphrasia, mwenyekiti wetu, kwamba nilikuwa mshauri wa mzee huyo. Jamani, alivyonitazama! Amesema nitakaa naye mbele. Wainaina, yule Mkenya wa Bladensburg anayemganda kama kupe, atajijua huko nyuma.

Ijumaa, 7 Novemba.
Situlii. Nakaa, nasimama. Suti nimeipiga pasi mara mbili. Kuna jambo. Siku ile Mbeya nilimhurumia. Mtu mzima anachambua maharage, sisi vijana tumekaa tunakodoa macho! Mama angenichapa. Nikapanda jukwaani, nikamwamkia shikamoo, nikaupokea ungo nikaanza kuchambua. Ukumbi mzima ukanizomea. Kumbe ndiyo maonyesho yenyewe! Je, wakiwa wameliweka kwenye filamu? Nitaumbuka mbele ya Euphrasia.

Jumamosi, 8 Novemba.
Wameliweka! Mwigizaji kijana kapanda, shikamoo, kachukua ungo. Hata shati la maua kama langu! Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka kuwashinda, nikamwambia Euphrasia kwa sauti kwamba mshamba yule namkumbuka, tena nilimfukuza mwenyewe. Mara Mzee Tulia wa filamu akafumbua mdomo. Atataja jina! Nikajifanya nakwenda msalani, nikajikwaa kwenye waya wa projekta. Ikaanguka, ikagoma kuwaka. Watu wakahamia kwenye pilau. Nimepona! Pilau lilikuwa zuri.

Jumapili, 9 Novemba.
Euphrasia kapiga simu analia. Amemalizia filamu nyumbani. Eti Mzee Tulia anasema miaka yote alikuwa akingoja mtu mmoja tu ainuke amsaidie, na aliinuka kijana yule peke yake. Jina hakulijua. Alimwulizia mpaka anaingia kaburini. Euphrasia akasema mwanamume mwenye moyo ule ndiye wa kuishi naye.
Nikamwambia ni mimi! Naapa ni mimi! Akacheka, akasema kaka Gwakisa acha utani, si jana tu ulimwita mshamba? Nimezunguka maegesho ya magari mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza funguo. Roho inaniuma, inaniuma kweli.

Jumanne, 11 Novemba.
Wainaina ametangaza kwenye grupu la simu la umoja wetu ati kijana yule ni yeye! Wainaina! Mbeya hajawahi kuikanyaga! Kaweka na picha, kavaa shati la maua. Euphrasia amemkaribisha chakula. Anampikia maharage!

Jumatano, 12 Novemba.
Nimepata somo: ukweli hauna soko. Jumamosi filamu inaonyeshwa tena, Springfield, na siwezi kukaa nyuma, siwezi. Basi nimempigia Euphrasia, nikamwambia kijana ni Wainaina kweli, nilikuwepo, na mimi ndiye niliyemsukuma apande jukwaani. Bila mimi asingeinuka!
Amefurahi mno. Kumbe alikuwa na shaka kidogo na Wainaina, alikuwa anatafuta shahidi. Sasa moyo wake umetulia. Amesema nitakaa mbele, pembeni ya hao wawili.
Mbele! Suti naipiga pasi tena.